Asiyekuwepo na Lake Halipo: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Asilimia na Malengo

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu namba zinazoamua mambo ya watu: ufaulu wa shule, kiwango cha chanjo, marejesho ya mikopo, huduma ya maji. Wanaojibu ni wenzetu wa jopo la takwimu na tathmini. Barua tumezifupisha, majina ya waandishi tumeyaacha, na mifano ya hesabu isiyotajiwa mahali ni ya kufundishia tu.

Shule yetu imepata ufaulu wa asilimia 96 darasa la saba na imepongezwa. Shule ya jirani imepata 79, na mwalimu mkuu wake akaitwa kujieleza. Lakini wazazi wa huko wanasema watoto wao wanajua kusoma kuliko wetu, na kwetu kuna watoto ambao hatukuwaona siku ya mtihani. Kamati ianzie wapi? (Mjumbe wa kamati ya shule, mkoa wa Tanga)

Ndugu mjumbe, yawekeni matokeo kando kwanza, mchukue rejesta. Asilimia ni sehemu, na kila sehemu ina namba mbili: ya juu, ambayo walimu wa hesabu huiita kiasi, na ya chini, asili. Pongezi zote huenda kwa namba ya juu. Udanganyifu ukiwepo, mara nyingi umejificha kwenye asili. Katika ufaulu wa darasa la saba, asili ni watoto waliokaa kwenye chumba cha mtihani. Aliyeacha shule darasa la sita, aliyeambiwa akariri darasa, aliyeondolewa kimyakimya kabla ya usajili wa watahiniwa, hahesabiwi kuwa amefeli. Hahesabiwi kabisa.

Tazameni mfano. Shule mbili zilikuwa na watoto 80 kila moja darasa la tano. Miaka miwili baadaye, ya kwanza imefikisha watahiniwa 48, wakafaulu 46: ufaulu ni asilimia 95.8. Ya pili imefikisha 76, wakafaulu 60: asilimia 78.9. Sasa gawanyeni kwa wale 80 walioanza pamoja. Ya kwanza imefaulisha asilimia 57.5 ya watoto wake, ya pili asilimia 75. Kwa hesabu hii aliyestahili kuitwa kujieleza ni yule aliyepigiwa makofi.

Kuipata hesabu hiyo kwenu kunahitaji watu wawili, rejesta za miaka mitatu na nusu siku. Andikeni majina ya wote waliokuwa darasa la tano miaka miwili iliyopita. Mbele ya kila jina wekeni alama moja: amefanya na kufaulu, amefanya na hakufaulu, amehama, amekariri, amefariki, au haijulikani alipo. Anayesemwa amehama aondolewe kwenye asili pale tu shule iliyompokea inapothibitisha kwamba yupo darasani. Barua ya uhamisho peke yake haitoshi, kwa sababu barua huandikwa hata kwa mtoto anayeuza karanga stendi. Wasiojulikana walipo wabaki kwenye asili. Waliohamia kwenu njiani, na wale waliokariri wakaangukia darasa hili, wahesabiwe kwenye orodha ya pekee. Kamati nyingi hukosea hapa: huwaongeza waliohamia kwenye namba ya juu na kusahau kuwaongeza chini.

Kisha tazameni majina yalipotea lini na ni ya nani. Mdondoko unaotokana na umaskini husambaa mwaka mzima na hupanda msimu wa kulima na kuvuna. Majina yakipotea kwa mkupuo baada ya mtihani wa majaribio na kabla ya usajili, ulizeni kwa nini. Chukueni pia matokeo ya darasa la sita. Kama kati ya 32 walioondoka 28 walikuwa nusu ya chini ya darasa, hiyo si bahati mbaya tena.

Kuna upotoshaji wa pili ambao rejesta haiuonyeshi. Shule ikipimwa kwa idadi ya waliofaulu, mtoto mwenye faida kwa mwalimu ni yule aliye ukingoni, anayekosa alama chache tu kufaulu. Wa mwisho darasani, ambaye bado anaunganisha silabi, hawezi kuvuka mwaka huu hata akifundishwa kila jioni. Wa kwanza atafaulu hata akiachwa. Masomo ya ziada huishia kwa watoto kumi wa katikati. Dalili yake ni hii: ufaulu umepanda, tuseme kutoka 70 hadi 85, lakini wastani wa alama wa darasa haujasogea. Ombeni mwalimu mkuu awape namba zote mbili, na idadi ya watoto katika kila daraja, A hadi E.

Haya si ya kubuni. Mwaka 2013 Tanzania ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule za msingi zikaanza kupangwa hadharani kwa nafasi, kitaifa na ndani ya wilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia matokeo yake. Walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli, na hilo lisidharauliwe, watoto walinufaika. Walikuta pia kwamba mpango huohuo ulizifanya shule kuwaengua baadhi ya wanafunzi wasifike darasa la mwisho. Mambo yote mawili yalitoka kwenye shinikizo moja.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitatangaza tena shule bora na wanafunzi bora. Kwa maoni yetu ulikuwa uamuzi mzuri, ila haukugusa vikao vya wilaya, ambako nafasi bado zinasomwa kwa sauti na walimu wakuu bado wanatetemeka. Mkienda kwenye kikao hicho, msiende na shutuma. Nendeni na namba mbili kwenye karatasi moja, ufaulu wa waliofanya mtihani na ufaulu wa walioanza darasa la tano, kisha ombeni shule zote za kata zilete zote mbili.

Je, tatizo hili lina jina? Lilianza lini? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Wachumi huliita kanuni ya Goodhart. Charles Goodhart alikuwa mshauri wa Benki Kuu ya Uingereza, na mwaka 1975 aliandika kuhusu kiasi cha fedha kilichomo kwenye mzunguko: uhusiano wa kitakwimu uliokuwa imara kwa miaka hulegea pale serikali inapoutumia kama usukani. Maneno yanayonukuliwa siku hizi, kwamba kipimo kikigeuzwa shabaha huacha kuwa kipimo kizuri, ni ya Marilyn Strathern, mwanaanthropolojia, mwaka 1997. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 Mmarekani Donald Campbell alionya jambo la karibu kuhusu mitihani ya shule na takwimu za serikali, naye aliongeza kitu ambacho wachumi hukisahau: shinikizo haliharibu namba tu, linaiharibu na kazi yenyewe iliyokuwa ikipimwa.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko majina yake. Hanoi, mwaka 1902, Wafaransa waliotawala huko waliwalipa watu kwa kila panya aliyeuawa, na ushahidi ulikuwa mkia. Mikia ikaletwa kwa maelfu. Baadaye wakaonekana panya wakikimbia mitaani bila mikia, kwa kuwa mkamataji alimkata mkia na kumwachia akazae wengine. Wakagundulika na watu waliokuwa wakifuga panya kwa ajili ya malipo. Katika kila mfumo wa malipo, jiulize: hapa mkia ni nini, na panya ni nini?

Zahanati yetu imeripoti asilimia 117 kwa Penta ya tatu, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya magonjwa matano. Kikaoni tulisifiwa. Miezi miwili baadaye surua imeingia kitongoji kimoja na watoto wamelazwa. Tena tunasisitizwa tupunguze upotevu wa dozi, kwa hiyo mama wakija watatu tu kwa surua tunawaambia warudi siku nyingine. Nakosa usingizi. Nifanye nini? (Muuguzi, Kanda ya Ziwa)

Dada muuguzi, barua yako ina mambo matatu yaliyofungwa pamoja. Tulifungue kila moja.

La kwanza ni hiyo 117. Hakuna mahali duniani ambapo watoto 117 kati ya 100 huchanjwa, kwa hiyo ama namba ya juu imezidi au asili imepungua. Mara nyingi ni asili. Walengwa wa zahanati hukadiriwa kutoka kwenye sensa. Kabla ya sensa ya 2022, makadirio yalitegemea ya 2012, na kwa miaka kumi kuna kata zilizofumuka kwa machimbo, masoko na barabara mpya. Tuseme kata yenu imeandikwa watu 12,000, na watoto chini ya mwaka mmoja wanakadiriwa kuwa asilimia 3.5, yaani 420. Mmechanja 490. Gawanya: 117. Lakini kama watu ni 17,000 kwa kweli, watoto ni 595, na kiwango chenu ni asilimia 82. Watoto 105 hawajakamilisha, nao hawamo popote kwenye fomu. Kwa kawaida wanaishi pamoja: kambi ya wachimbaji, mashamba ya msimu, ng'ambo ya mto. Surua huwatafuta haohao, kwa kuwa ili isisambae karibu asilimia 95 ya watoto wanapaswa kuwa wamekingwa, na wasiokingwa wakikaa sehemu moja hata 95 ya kata haiwasaidii.

Isitoshe, Penta si surua. Penta ya tatu hutolewa wiki ya 14, surua-rubela miezi tisa na miezi 18. Mtoto anaweza kukamilisha Penta na asirudi tena. Kusifiwa kwa Penta ya tatu hakukuwa ushahidi wowote kuhusu surua.

Usisubiri wilaya irekebishe walengwa. Waombe wahudumu wa afya ngazi ya jamii waorodheshe watoto wote chini ya miaka miwili, kitongoji kwa kitongoji, wakiangalia kadi za kliniki kwa macho. Kisha fanya hesabu ambazo hazitegemei sensa. Moja ni kiwango cha kuacha: Penta ya kwanza toa Penta ya tatu, gawanya kwa Penta ya kwanza, zidisha kwa 100. Ikizidi 10, watoto wanaanza na hawarudi. Ikiwa chini ya sifuri, yaani ya tatu ni nyingi kuliko ya kwanza, shuku uandishi kwanza. Fanya hivyohivyo kati ya Penta ya kwanza na surua ya kwanza. Huo ndio upungufu uliowaumiza. Nyingine ni uhakiki: chukua mwezi mmoja, hesabu upya majina kwenye rejesta, gawanya kwa idadi iliyopelekwa kwenye taarifa ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya. Ikiwa kati ya asilimia 90 na 110, ni makosa ya kawaida ya kuhesabu. Ikiwa 70, kuna dozi zilizoandikwa bila watoto. Linganisha pia na vichupa: vichupa vitano vya dozi kumi haviwezi kuchanja watoto 63.

Jambo la upotevu wa dozi ndilo tunaloliona baya kuliko yote, kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Kichupa cha surua-rubela cha dozi kumi kikishachanganywa na maji yake hutumika ndani ya saa sita, au mpaka mwisho wa kliniki ya siku hiyo ikiisha mapema, kisha hutupwa. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni vivyo hivyo. Ukikifungua kwa watoto watatu, dozi saba zinapotea, na fomu inasoma upotevu wa asilimia 70. Muuguzi anayepimwa kwa namba hiyo hakifungui. Mama ametembea saa mbili na mtoto mgongoni, anaambiwa arudi Alhamisi. Wengine hawarudi, na hakuna safu ya fomu inayowahesabu. Dozi iliyotupwa inaonekana, mtoto aliyerudishwa haonekani, kwa hiyo mfumo unaokoa dozi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja. Kutenga siku za surua ni sawa kama zimetangazwa na kina mama wanazijua, lakini aliyekuja siku isiyo yake achanjwe. Kuanzia kesho chora safu moja kwenye daftari lako: waliorudishwa bila chanjo, na sababu. Upeleke wilayani pamoja na upotevu, kwenye karatasi moja. Mkaguzi akiona upotevu wa 70 na waliorudishwa sifuri, ataelewa. Penta ya maji unaweza kuitunza baada ya kuifungua, hadi siku 28 kama imekaa kwenye baridi sahihi na hali ya kichupa inaruhusu, kwa hiyo usiichanganye na surua kwenye hesabu ya upotevu.

Ujue pia kwamba hili halikuanzia kwenu. Mfuko wa kimataifa wa chanjo, GAVI, uliwahi kuzilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto wa ziada aliyepata dozi ya tatu ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2008 ulilinganisha taarifa za serikali na tafiti za kaya: taarifa zilidai watoto wa ziada milioni 13.9, tafiti za kaya zikaonyesha milioni 7.4. Hata ile 7.4 ni watoto wengi waliokingwa, kwa hiyo malipo hayakuwa bure. Nchini Rwanda, malipo kwa vituo kulingana na huduma yalipoanza kupimwa kuanzia 2006, kujifungulia kituoni kulipanda kwa asilimia 23 kuliko maeneo ambayo hayakuwa na mpango, ila idadi ya wajawazito waliokamilisha mahudhurio manne haikupanda. Kinacholipiwa vizuri na kilicho mikononi mwa muuguzi hukua. Kinachohitaji mama arudi mara nne huchelewa.

SACCOS yetu ina marejesho ya asilimia 98, na kila mkutano mkuu tunapongezana. Mbona mwisho wa mwaka fedha ya kukopesha haitoshi? (Katibu, Mbeya)

Kwa sababu 98 ya marejesho haimaanishi mnapoteza shilingi mbili kwa kila mia kwa mwaka. Inamaanisha mnapoteza mbili kila mara fedha inapozunguka. Kokotoa hivi: chukua kinachokosekana, zidisha kwa 2 (kwa kuwa salio la mkopo kwa wastani ni nusu ya kilichokopeshwa), gawanya kwa muda wa mkopo ukiwa umeandikwa kwa miaka. Mikopo yenu ikiwa ya miezi minne: 0.02 mara 2, gawanya kwa theluthi moja ya mwaka, inatoka 0.12. Mnapoteza asilimia 12 ya fedha iliyo nje, kila mwaka, huku mkipongezana kwa 98. Mikopo ya mwaka mzima ingepoteza 4.

Badilisheni kipimo. Jumlisheni salio lote la kila mkopo wenye rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30, salio zima, si rejesho lililochelewa tu, kisha gawanyeni kwa salio la mikopo yote. Mikopo ya nje ikiwa shilingi milioni 60 na iliyochelewa ina salio la milioni 9, mko kwenye asilimia 15. Vyama vya akiba na mikopo duniani hulenga isizidi 5.

Mkianza kumpima afisa mikopo kwa namba hiyo, ataisogeza kwa njia mbili: kupanga upya mkopo chechefu ili uonekane mpya, na kumpa mdaiwa mkopo wa pili wa kulipia wa kwanza. Kwa hiyo mikopo iliyopangwa upya iandikwe kwenye mstari wake, na kila mwezi kamati ya usimamizi ichague mikopo mipya 10 bila kumshirikisha afisa, iangalie kama siku ileile mkopaji alifunga deni la zamani. Maafisa wakijua kamati inaangalia, wengi wataacha.

Shirika letu hupimwa kwa idadi ya waliofunzwa. Tumefikisha 1,200. Mfadhili kafurahi, mimi sina raha. (Afisa ufuatiliaji, Kigoma)

Una saini 1,200, bado hujajua una watu wangapi. Palipo na posho, mtu mmoja huhudhuria semina nne. Linganisha jina, kijiji na namba ya simu, ufute marudio. Kisha miezi mitatu baada ya mafunzo chagua 30 kwa kura na uwatembelee, uombe wakuonyeshe kitu kimoja walichofundishwa. Waonyeshe kwa mikono, wasieleze kwa mdomo. Ripoti namba tatu: saini, watu, na wangapi kati ya 30 walioweza.

Basi tuache namba kabisa? Hapa Kenya kupanga shule kwa nafasi kulipigwa marufuku 2014 na bado wazazi wanazitafuta nafasi hizo. (Mwalimu mstaafu, Kisumu)

Mwalimu, shikamoo. Hapana, tusiziache. Pasipo namba, kisima huchimbwa kwa mwenye sauti kubwa kikaoni, na mtoto wa mnyonge hupotea shuleni bila hata daftari la kuonyesha kwamba aliwahi kuwepo. Wazazi wanazitafuta kwa sababu wana haki ya kujua. Tunachopinga ni namba moja, peke yake, yenye fimbo nyuma yake.

Kabla ya kuweka lengo lolote, kaeni mezani na wale watakaopimwa na muulize: mtu anayetaka kulifikia bila kufanya kazi angefanyaje? Walimu na wauguzi watawajibu dakika tano za kwanza, wanajua. Kila mwanya wanaoutaja uwekewe kipimo mwenza: ufaulu na waliobaki shuleni, upotevu wa dozi na waliorudishwa, marejesho na mikopo iliyopangwa upya. Mwenye kulipwa kwa namba asiwe ndiye anayeihesabu peke yake. Na lengo lenye mpaka mkali liogopwe. Hospitali za Uingereza ziliwekewa lengo la kumhudumia mgonjwa wa dharura ndani ya saa nne, na lengo lilifupisha kweli foleni za wengi. Lakini takwimu zilionyesha wagonjwa wakirundikana kuamuliwa dakika za mwisho kabla ya saa ya nne kutimia. Aliyeshavuka saa nne hana tena wa kumkimbilia, maana kwenye hesabu ameshapotea. Pale inapowezekana, ripotini wastani pamoja na wale kumi waliosubiri kuliko wote.

Taarifa inasema kata yangu ina huduma ya maji kwa asilimia 88. Kina mama bado wanaamka saa tisa usiku. Nani mkweli? (Diwani, Morogoro)

Kina mama, mheshimiwa. Tuione 88 inavyozaliwa. Sera ya Maji ya 2002 ilielekeza kila mtu apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250. Kwa hiyo mara nyingi huduma hukokotolewa kwa kuzidisha vituo kwa 250 na kugawanya kwa idadi ya watu. Chukua vitongoji viwili. Kimoja kina watu 600 na vituo vitano. Kingine kina watu 1,400 na vituo viwili. Vituo saba mara 250 ni 1,750, watu wote ni 2,000: asilimia 87.5, taarifa nzuri. Lakini vituo vitano vya kitongoji cha kwanza vimehesabiwa kuhudumia watu 1,250 mahali penye watu 600. Wale 650 wa ziada hawapo duniani, ila wamefunika shimo la kitongoji cha pili. Weka kikomo, kwamba kitongoji kisihesabiwe zaidi ya watu wake: cha kwanza 600, cha pili 500 kati ya 1,400. Jumla ni 1,100 kati ya 2,000, asilimia 55. Na kitongoji cha pili peke yake kina asilimia 36.

Kisha pima kasi. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250, yaani ndoo 312 na nusu za lita 20. Nenda na ndoo na saa. Ndoo ikijaa kwa dakika mbili, kituo kinahitaji saa 10 na dakika 25 bila kusimama. Ikijaa kwa dakika nne, ni saa 20 na dakika 50. Hapo kuamka saa tisa usiku hakuhitaji maelezo mengine, na kituo hicho kwenye taarifa kimeandikwa kinafanya kazi.

Peleka kwenye baraza jedwali la ukurasa mmoja, mstari mmoja kwa kitongoji: watu, vituo vinavyotoa maji leo, dakika za kujaza ndoo, saa za maji kwa siku, na umbali wa nyumba ya mwisho. Umbali upimwe kwa kufuata njia wanayotembea, kwa sababu mita 400 kwenye ramani zinaweza kuwa kilomita nzima ukizunguka korongo. Panga vitongoji kuanzia chenye hali mbaya zaidi na uombe bajeti ifuate mpangilio huo, na wastani wa kata uuandike mwisho kabisa. Vipimo vifanyike Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya vuli, wakati visima vifupi vimeshuka. Kituo kilichopimwa Aprili, mvua zikinyesha, kipimwe upya.